Injili za kale za Marekani na gitaa kavu: kwa nini zinatuliza kuliko spika za msibani?

#1 Mzee wa Santuri

Wakuu, heshima kwenu.

Niende moja kwa moja. Mtu akifiwa siku hizi, turubai halijafungwa vizuri, spika zimeshafika. Zinapigwa nyimbo za kumwambia mfiwa asilie, ashangilie, apokee ushindi wake. Sizipingi, kuna zinaowasaidia. Mimi zinanichosha. Kipindi ambacho nyumbani kwetu misiba ilifuatana, kilichonishika usiku ni santuri za injili za Wamarekani weusi wa miaka ya 1920, ambazo sasa ziko mtandaoni bure. Mtu mmoja, sauti ya kukwaruza, na gitaa kavu linalochunwa kwa vidole. Ngoma hakuna, kinanda hakuna. Chini ya sauti unaisikia santuri yenyewe ikichemka kama mafuta ya maandazi.

Aliyeniingiza huko ni Blind Willie Johnson. Alizaliwa Texas mwaka 1897, akawa kipofu tangu utotoni, akaishi kwa kuimba barabarani. Kati ya 1927 na 1930 kampuni ya Columbia ilimrekodi nyimbo 30. Zote za dini, hakuna hata moja ya mapenzi wala ya pombe. Kisha mdororo wa uchumi ukaangusha biashara ya santuri na hakurekodi tena.

Sikilizeni ile aliyorekodi Dallas Desemba 1927, Dark Was the Night, Cold Was the Ground. Jina limetoka kwenye tenzi ya kale ya Kiingereza inayomhusu Yesu pale Gethsemane, usiku ule wa kukamatwa. Johnson haimbi neno hata moja. Anaguna. Anaivuta sauti, anaiacha ikatike, anaiokota tena, kwa dakika tatu na kidogo. Makanisa ya watu weusi wa kusini wakati ule vitabu vilikuwa haba na wasiojua kusoma walikuwa wengi, kwa hiyo kiongozi alitamka mstari, waumini wakaupokea polepole kwa kuuvuta. Johnson anabeba nafasi zote mbili peke yake: gitaa linatamka, koo lake linapokea.

Mwaka 1977 NASA walipotuma vyombo vya Voyager angani, wimbo huo ulikuwamo kwenye ile santuri ya shaba iliyopakwa dhahabu. Kwa hiyo mguno wa kipofu wa Texas umeshafika anga iliyo katikati ya nyota, na sisi huku bado tunabishana nani alipe DJ wa msibani.

Sasa nauliza wanaojua gitaa: kinachotuliza hapo ni sauti, ni dini, au kuna kitu kwenye vile vidole?

#2 Kobe Hana Haraka

Naweka kambi hapa. Wajuzi njooni.

#3 Mchuna Nyuzi

Mleta mada, jibu langu ni gumba.

Nitaeleza kwa lugha ya dansi ili wote twende pamoja. Kwenye bendi zetu kuna gitaa la solo, la rizimu na la besi, watu watatu. Hawa wazee walikuwa wanafanya yote hayo kwa mkono mmoja. Kidole gumba kinapiga nyuzi nene, kinaruka kutoka uzi mmoja kwenda mwingine bila kusimama: moja, mbili, moja, mbili. Hiyo ni besi. Kidole cha shahada na cha kati vinatafuta wimbo kwenye nyuzi nyembamba. Ugumu wake ni kwamba gumba halitakiwi kujua vidole vingine vinafanya nini. Vidole vikichelewa, vikiwahi, vikinyamaza kabisa, gumba linaendelea na mwendo wake.

Ndiyo maana nasema faraja iko hapo. Mwimbaji anaweza kukwama, sauti ikapasuka, akaruka mstari mzima. Chini kuna kitu ambacho hakijatikisika. Mtu mwenye majonzi hahitaji wimbo wenye nguvu, anahitaji kusikia kwamba kitu fulani bado kinakwenda.

Bingwa wa hilo ni Mississippi John Hurt wa Avalon, Mississippi. Alikuwa mkulima na kibarua wa mashambani. Mwaka 1928 kampuni ya Okeh ilimrekodi Memphis na New York, santuri hazikuuzika sana, akarudi shambani. Akakaa huko miaka 35 bila dunia kujua kama yu hai. Mwaka 1963 kijana mmoja aitwaye Tom Hoskins alimfuata kwa kutumia kidokezo kilichomo kwenye wimbo wake mwenyewe, pale anapotaja Avalon kuwa kwao. Hoskins akaitafuta Avalon kwenye ramani ya zamani, akaenda, akamkuta mzee yuko palepale. Mwaka huohuo akapanda jukwaa la Newport, lile tamasha la muziki wa asili la Marekani. Alifariki 1966.

Hurt haombolezi. Anaimba kama babu anayeongea na wewe barazani huku akimenya mihogo, hana haraka, hapandishi sauti. Ukitaka upande wake wa kanisani, tafuta Blessed Be the Name ya 1928.

#4 Mwana wa Uamsho

Ndugu zangu, tuwe makini. Huo uchunaji mnaousifu ni wa bluzi, na bluzi ya Wamarekani weusi ni muziki wa vilabuni, historia yake inajulikana. Injili ni injili. Huwezi kuchukua mdundo wa ulevi ukaubandika jina la Yesu halafu useme umefarijika. Umeburudika tu. Faraja ya kweli inatoka kwenye Neno.

#5 Kobe Hana Haraka

Nilijua utafika, mtumishi. Karibu kiti.

#6 Mama Sauti ya Pili

Mwanangu Mwana wa Uamsho, mimi nimeimba kwaya tangu sijaolewa, kwa hiyo nitakujibu kwa upole.

Hayo uliyoandika, wachungaji wa Chicago walimwambia Thomas Dorsey kabla wewe na mimi hatujazaliwa. Dorsey alikuwa mpiga piano wa bluzi hasa, jina lake la kazi Georgia Tom, amempigia mwimbaji wa bluzi Ma Rainey, na mwaka 1928 alitoa na mpiga gitaa Tampa Red wimbo wenye maneno ambayo siwezi kuyarudia mbele ya wanangu. Alipoanza kutunga za Mungu kwa vionjo vilevile vya bluzi, makanisa mengi makubwa yalimfungia mlango.

Agosti 1932 alikwenda St. Louis kuimba kwenye mkutano wa injili, mkewe Nettie akabaki Chicago na ujauzito mkubwa. Akaletewa simu ya maandishi akiwa hukohuko: mke amefariki akijifungua. Alipofika nyumbani mtoto alikuwa hai, naye akafa muda mfupi baadaye. Wakazikwa sanduku moja. Kutoka kwenye huo msiba ndipo ulipotoka Precious Lord, Take My Hand. Tuni ameiegemeza kwenye tenzi ya kale, lakini ile namna ya kuivuta sauti, kule kuomba ushikwe mkono kwa sababu umechoka, hiyo ni bluzi, mwanangu. Mwimbaji wa injili Mahalia Jackson aliuimba kwenye mazishi ya Martin Luther King mwaka 1968.

Sasa niambie, mtu aliyezika mke na mtoto wiki moja, alikuwa anaburudika?

Soma Zaburi ya 88 pia. Inaisha gizani, haina mstari wa kuchangamka mwishoni, na imo kwenye Biblia.

#7 Mwana wa Uamsho

Mama, heshima yako. Zaburi ya 88 nimeisoma. Kuhusu Dorsey nakuelewa. Bado nina wasiwasi na mapigo, lakini siwezi kubishana na mfiwa.

#8 Fundi Redio wa Temeke

Mtumishi, basi ungependana na Mchungaji Gary Davis, maana alikuwa na wasiwasi kama wako, tena yeye ndiye aliyekuwa akizipiga.

Huyu alizaliwa South Carolina mwaka 1896, kipofu tangu uchanga. Ujana wake alizipiga bluzi vizuri sana, akarekodi mwaka 1935. Miaka hiyohiyo ya 1930 akabarikiwa kuwa mchungaji wa Kibaptisti, na kuanzia hapo kwa muda mrefu alikataa kuimba bluzi hadharani. Akahamia New York, akawa anahubiri na kuimba mitaani Harlem. Baridi, magari, watu wanapita na mikoba yao, na mzee kipofu ana gitaa kubwa la Gibson kifuani.

Kilichonishangaza mimi fundi ni kwamba alitumia vidole viwili tu, gumba na cha shahada. Wengi wakisikia rekodi zake wanadhani kuna mtu wa pili. Vijana wa kizungu walikuwa wanaingia nyumbani kwake kujifunza, kina Stefan Grossman na Dave Van Ronk, somo dola 5, na mzee hakuwa anaangalia saa. Baadaye kundi la Peter, Paul and Mary likaimba wimbo wake wa Samsoni, fedha za haki za utunzi zikamnunulia nyumba Queens.

Kuna kitu anakifanya, na Johnson pia anakifanya, naomba mkisikilize kwa makini. Anaanza mstari kwa mdomo, halafu neno la mwisho halitamki. Anamwachia gitaa alimalizie. Si gitaa kujibu baada ya mwimbaji kumaliza. Yeye hakumaliza. Kama wimbo ni wa kifo, ukingoni mwa mstari kunabaki gitaa peke yake. Wewe msikilizaji unalitia neno lako hapo. Ndiyo sababu hata asiyejua Kiingereza unamgusa, maana sehemu nzito zaidi haina lugha.

Mchuna Nyuzi kasema gumba. Mimi nasema hilo neno lililoachwa.

#9 Mzee wa Santuri

Fundi, umenifungua. Nimerudi kusikiliza sasa hivi, ni kweli kabisa.

#10 Shoto wa Tanga

Kwenye orodha yenu wanawake wako wapi? Elizabeth Cotten wa North Carolina alikuwa shoto kama mimi. Gitaa lilikuwa na nyuzi zilizofungwa kwa wanaotumia mkono wa kulia, akaligeuza juu chini bila kubadili uzi hata mmoja. Kwa hiyo kwake mambo yaligeuka: kidole cha shahada kinapiga besi, gumba linapiga wimbo. Freight Train aliutunga akiwa binti mdogo. Kanisani wakamwambia aachane na nyimbo za kidunia, akaliweka gitaa chini miaka mingi, hadi alipoajiriwa kazi za ndani kwenye familia ya wanamuziki ya Seeger, Washington. Wakamkuta siku moja ameshika gitaa lililokuwa limetundikwa ukutani. Mwaka 1985 akapata tuzo ya Grammy akiwa bibi wa miaka tisini hivi.

Kwa hiyo nadharia ya gumba kuwa nguzo, kwa huyu bibi haisimami. Na bado anatuliza.

#11 Mchuna Nyuzi

Shoto, umenibana. Basi niseme hivi: kidole kimoja, chochote kile, lazima kikubali kazi ya kutosifiwa.

#12 Omwana wa Butere

Salamu kutoka Kenya. Ndugu zangu wa Bongo, mnazunguka Mississippi na huku nyumbani tulikuwa nayo. Kwetu Magharibi, miaka ya 1950 na 60, kulikuwa na George Mukabi na mtindo wa omutibo. Gitaa la boksi linachunwa kwa vidole, mwenzako anakwaruza chupa ya Fanta, zile za zamani zilizokuwa na mistari. Nyimbo zilikuwa za mapenzi na za kuonya watu, si za kanisa. Lakini ukiwa na mawazo usiku ukasikiliza, unatulia vilevile.

Halafu kuna yule Jean Bosco Mwenda wa Katanga, Kongo, aliyeimba kwa Kiswahili na kuwatia moto wapiga gitaa wa Nairobi. Naye alichuna kwa vidole viwili, gumba na shahada, sawasawa na huyo mchungaji wenu wa Harlem.

#13 Fundi Redio wa Temeke

Hapo umegusa penyewe. Na sidai kwamba mmoja alimfundisha mwingine, bahari nzima iko katikati. Lakini Davis alipiga Newport mwaka 1965, na Mwenda akapiga tamasha hilohilo la Newport mwaka 1969. Vidole viwili vya Carolina na vidole viwili vya Katanga, jukwaa moja, tofauti ya miaka minne. Hilo peke yake linatosha kuninyima usingizi.

#14 Mutoto ya Likasi

Jambo bandugu. Miye niko Likasi, palepale Hugh Tracey, ule muzungu mwenye alikuwa anarekodi miziki ya Afrika, alirekodi Bosco ku 1952, wakati muji ilikuwa inaitwa Jadotville. Ile wimbo Masanga, wazee ba huku banaichezaka mpaka leo ku gitari, jioni, inje ya nyumba. Ku kilio batu ba zamani banaimbaka bila mashini: mutu moya anaanza, bengine banaitika. Vijana banataka tu rumba ya Kinshasa na baffle kubwa. Minafurahi kuona batu banaongea juu ya Bosco. Aksanti.

#15 Kobe Hana Haraka

Kwa hiyo spika za msibani ni janga la kanda nzima. Nimefarijika.

#16 Binti Ruvuma

Mimi si mpiga gitaa. Nilikuwa namuuguza mama, usiku wodini simu ina headphone moja tu inayofanya kazi vizuri, nyingine inasikika kwa mbali. Nzima nikamwekea yeye, mbovu nikabaki nayo. Nikaweka huyo Johnson wa mguno. Mama Kiingereza hajui. Akasikiliza, akaniuliza, "Huyu baba anaumwa nini?" Nikamwambia haumwi, anasali. Akasema, "Basi usizime, mwache amalize."

Nilipojaribu kumwekea mapambio ya kuchangamsha alinipa headphone yangu.

#17 Mzee wa Santuri

Pole sana kwa kuuguza, Binti Ruvuma. Mama yako kasikia vizuri kuliko wengi wetu. Hakuuliza anaimba nini, kauliza anaumwa nini.

Na huyo Johnson kweli aliumwa. Mwaka 1945 nyumba yake ya Beaumont, Texas, iliungua. Hakuwa na pa kwenda, akaendelea kulala kwenye mabaki, matandiko yamelowa. Akafa Septemba mwaka huohuo. Cheti cha kifo kiliandika homa ya malaria.

#18 Kobe Hana Haraka

Malaria? Texas?

#19 Fundi Redio wa Temeke

Ndiyo. Kusini mwa Marekani malaria ilikuwepo, ilihesabiwa kutokomezwa mwaka 1951. Ile taasisi yao ya kudhibiti magonjwa, CDC, iliwekwa Atlanta mwaka 1946 kwa sababu hiyohiyo, ilianza kama kazi ya kupambana na malaria. Jamaa alikufa mwaka mmoja kabla.

#20 Maulidi wa Makunduchi

Asalaam aleykum. Mimi Muislamu, na nyimbo za kanisani hazinihusu. Lakini huo wa mguno niliusikia kwa rafiki, nikauomba. Hauna neno la kunitenga. Nikiwa baharini peke yangu nauweka. Huyo mwingine, Mississippi John Hurt, mwanzo nilimwona wa kawaida, sasa ndiye ninayemsikiliza zaidi. Johnson usiku wa giza pwani ananitisha kidogo, niseme kweli.

#21 Mchuna Nyuzi

Maulidi, waaleykum salaam. Johnson anamtisha kila mtu akianza kukoroma ile sauti nzito. Ila ana sauti nyingine, ya kawaida na laini, anaitumia kwenye rekodi kadhaa. Na kuna zile anazoimba na mwanamke, Willie B. Harris, aliyekuwa mwenza wake. Yeye ananguruma, mwanamke anamfuata kwa sauti nyembamba, kama vile anamshika mtu asianguke. Anza na hizo, hutaogopa.

#22 Denti wa Udom

Wakuu, uzi mtamu. Nina gitaa la mtumba, najua koadi za C, G na Am za kanisani. Nikitaka kupiga kama Johnson naanzia wapi? Nimejaribu kwa tyuni ya kawaida, inatoka kama kitu kingine kabisa.

#23 Mchuna Nyuzi

Denti, lazima ubadilishe tyuni kwanza. Johnson alitumia D ya wazi. Maana yake ukipiga nyuzi zote bila kubana chochote, inatoka koadi kamili ya D. Kutoka nene kwenda nyembamba: D, A, D, F#, A, D.

Fanya hivi. Uzi wa sita ushushe kutoka E mpaka D. Wa tano na wa nne usiwaguse. Wa tatu ushushe kutoka G mpaka F#, nusu hatua tu. Wa pili kutoka B mpaka A. Wa kwanza kutoka E mpaka D. Kisha tafuta kitu kigumu na laini cha kuteleza juu ya nyuzi, kipande cha shingo ya chupa kilichosuguliwa kingo vizuri au bomba dogo la chuma, kivae kidole kidogo. Usikandamize mpaka kwenye ubao. Kigusishe tu, juu kabisa ya kile chuma cha kigawanyo, si nyuma yake. Ukiwa nyuma yake utakuwa chini ya sauti, na jirani atajua.

Mkono wa kulia, wiki za kwanza gumba peke yake. Utachoka na utaniona mbaya. Usiongeze kidole kingine mpaka uweze kuongea na mtu huku gumba linaendelea.

#24 Mama Sauti ya Pili

Kwa wale wanakwaya wasiojua herufi, hiyo tyuni kwa nota zetu ni d s d m s d. Mchuna, sikujua ni rahisi hivyo. Nikipata gitaa nitajaribu na mimi, mikono yangu hii ya uzee.

#25 Denti wa Udom

Shikamoo mama. Mchuna, nimeshusha. Inalia kama kanisa tupu. Ila nikianza kuongea gumba linasimama. Na nyuzi zangu ni za zamani, naogopa zitakatika.

#26 Mchuna Nyuzi

Unalegeza zote, hakuna unaoukaza. Kama uzi utakatika hapo, tatizo si tyuni, ni huo uzi, badilisha. Na gumba likisimama usianze upya. Liendelee palepale lilipoachia, utarekebisha ukiwa njiani.